Shindano la kuwinda nguruwe mwitu kwa mbwa: kanuni zinazokagulika mizanini

Nguruwe mwitu wa Texas ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania karne ya 16, wakatoroka, na baadaye wakachanganyika na nguruwe pori wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya wawindaji. Wanafukua mahindi usiku kucha na kugeuza malisho kuwa matuta. Tangu Septemba 2019, anayewawinda kwenye shamba la mtu binafsi hahitaji leseni, mradi mwenye shamba ameridhia. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, asidhani tunazungumzia ngiri. Lakini kama unaishi Houston au Fort Worth na wenzako kazini wamekualika kwenye timu yao, au umeombwa kusimamia meza ya mizani, haya yanakuhusu.

Neno moja kwanza kwa anayeandika kanuni: usiweke kanuni usiyoweza kuikagua. Kanuni ya namna hiyo humfunga mwaminifu peke yake. Mdanganyifu anaisoma, anacheka, anaendelea na safari yake.

Chagua aina ya shindano kabla ya kitu chochote

Kuna mashindano ya zizini na ya porini, na hayafanani kabisa. Ya zizini, kama yale maarufu ya Winnfield, Louisiana, hupima ubwekaji: mbwa anaingizwa kwenye uwanja wenye uzio, anatakiwa amsimamishe nguruwe kwa kumbwekea usoni bila kumng'ata, na waamuzi wanatoa alama. Sheria ya Louisiana ya 2004 iliyokataza kupiganisha mbwa na nguruwe imeyaacha mashindano haya kwa sharti kwamba mbwa anayekamata na kushikilia apunguziwe alama. Ukiandaa ya zizini, soma sheria ya jimbo lako kwanza. Mstari kati ya shindano na ukatili ni mwembamba, na polisi hawatakuuliza nia yako.

Mengine yote hapa chini ni ya porini: timu zinatawanyika usiku kucha, zinarudi na nguruwe waliokufa, mzito anashinda.

Neno "waliokufa" lina uzito. Wapo wanaoruhusu nguruwe wafikishwe mizanini wakiwa hai. Msifanye hivyo. Texas inadhibiti usafirishaji wa nguruwe mwitu hai, hasa kwa hofu ya kusambaza magonjwa, na huwezi kumpeleka popote upendapo. Halafu nguruwe aliye hai anaweza kuwa alikamatwa na mtego wiki tatu zilizopita akanenepeshwa kwa mahindi. Kanuni ya kwanza iwe hii: nguruwe auawe pale pale mbwa walipomkamata. Hiyo peke yake inaondoa sehemu kubwa ya udanganyifu, na inamfupishia mnyama mateso.

Timu na mbwa

Watu wawili hadi wanne wanatosha. Idadi ya mbwa iwekewe kikomo: sita wa kubwekea na wawili wa kukamata ni kiwango cha haki. Bila kikomo, timu yenye mbwa 20 itamwaga kundi zima kichakani, nguruwe atararuliwa kabla mtu hajafika, na hapo hakuna ufundi unaoshindanishwa.

Mbwa wa kubwekea ndiye mwenye akili ya kazi. Catahoula, Black Mouth Cur na Plott ndio wanaoonekana zaidi. Kazi yake ni kunusa, kufuata, kumsimamisha nguruwe na kubaki umbali wa hatua moja au mbili akibweka. Akiwa mkali kupita kiasi nguruwe atakimbia tena au atamchana. Akiwa mwoga nguruwe ataondoka zake akitembea. Mbwa wa kukamata ni mzito wa taya: American Bulldog, pitbull, Dogo Argentino au chotara wao. Yeye haachiliwi mpaka mwisho.

Kila mbwa avae kola ya GPS. Mbwa wa kukamata avae pia fulana ya kinga ya kitambaa kigumu inayofunika kifua na ubavu, na ukosi mpana wa shingo. Fulana isibane: vidole viwili vipite chini ya kila mkanda. Ikibana, mbwa hapumui vizuri na joto linampanda. Ikilegea, mguu wa mbele unanasa ndani yake katikati ya purukushani, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kunasa.

Kukamata, hatua kwa hatua

Anza na upepo. Ingia mabonde ya vijito na vichaka vya kando ya mashamba upepo ukikupiga usoni, utafute mafukuo mabichi, matope yaliyopakwa kwenye miti, na nyayo ambazo kingo zake hazijakauka. Achilia mbwa wawili au watatu tu wa kubwekea. Wengine wabaki kwenye vizimba vya gari.

Kwenye kifaa cha mkononi utaona mbwa wanakwenda, wanazunguka, halafu wanasimama. Usikimbie. Ngoja dakika mbili tatu usikilize. Mbweko wa kukatika katika maana yake nguruwe bado anahama. Mbweko mzito usiokoma, wote sehemu moja, maana yake amesimama na mgongo wake umeegemea kitu: mti, ukingo wa kijito, kichaka cha miiba.

Sogea kimya hadi mita 40 au 50, mbwa wa kukamata akiwa kwenye kamba. Hakikisha unamwona nguruwe, au walau unajua amegeukia wapi. Mwachilie. Anayejua kazi atashika sikio au shavu na kuning'inia hapo. Mtu wa kwanza anaingia kwa nyuma, anakamata miguu yote miwili ya nyuma juu ya kifundo, anainua, anamlaza ubavu. Mtu wa pili anaweka goti begani. Kisu chenye ubapa wa kama sentimita 18 kinaingia nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, kuelekea moyoni, mara moja na kwa kina. Kwa dume mkubwa, kumbuka ana ngao, ngozi nene ngumu juu ya bega na ubavu. Kisu kikipigwa juu mno kinakwama hapo.

Kosa la kawaida ni kumtoa mbwa wa kukamata mapema. Asitolewe mpaka nguruwe ametulia kabisa, na atolewe kwa kijiti cha kubanulia taya. Ukimvuta kwa nguvu anachana sikio, na sikio lile ni ushahidi wako.

Ushahidi wa porini

Kwenye mkutano wa manahodha, saa moja kabla ya kuanza, kila timu ipewe bahasha iliyofungwa. Ndani kuna kadi yenye namba ambayo hakuna anayeijua kabla ya muda wa kufungua. Kila nguruwe apigwe video fupi isiyokatwa: kadi ionekane, mbwa aliyeshika aonekane, kisha kifo. Video ya sekunde 60 inatosha. Anayesema simu ilizima chaji apoteze nguruwe huyo, bila mjadala. Ukianza kuhurumia wa kwanza, wa tano atakuwa amejifunza.

Kwa nguruwe watatu wa juu, jaji aombe kifaa cha GPS na atazame njia za mbwa. Uwindaji wa kweli una sura yake: mbwa wa kubwekea wanazurura, wananyooka, wanasimama sehemu moja, kisha alama ya mbwa wa kukamata inatokea karibu yao ikielekea pale pale. Njia inayoonyesha mbwa wote wakitoka barabarani moja kwa moja mpaka uzioni na kusimama inahitaji maelezo.

Mipaka ya eneo ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Timu yenye jamaa mwenye ranchi ya ekari 10,000 haiko sawa na timu inayoomba ruhusa kwa wenye mashamba madogo, na hakuna kanuni itakayoondoa tofauti hiyo kabisa. Mnachoweza kufanya ni kudai barua ya idhini yenye simu ya mwenye shamba, kukataza ranchi zenye uzio mrefu ambako nguruwe huwekwa kwa ajili ya wageni wanaolipa, na kuweka eneo, tuseme maili 100 kutoka mizanini.

Mizani

Hapa ndipo fedha zinapokwenda, kwa hiyo hapa ndipo pa kutulia.

Tumia mizani ya kuning'iniza ya kidijitali yenye uwezo wa paundi 500 au zaidi. Ijaribiwe kwa mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana mbele ya manahodha kabla ya kufungua, katikati ya zoezi, na kabla ya kutangaza mshindi. Mnyororo na ndoano viwekwe kwanza, kisha irudishwe sifuri. Ikingwe na upepo: dume wa paundi 250 akiyumba, namba zinaruka na kila mtu anachagua anayoipenda. Kila nguruwe apimwe mara mbili, ashushwe kabisa katikati, na jaji asome kwa sauti.

Amueni mapema: mzima au aliyetolewa matumbo? Pendekezo letu ni aliyetolewa matumbo, ini na mapafu. Lita moja ya maji ni kilo moja, yaani paundi 2.2. Ndoo ya lita 10 iliyomiminwa kwa mpira kwenye koo inaongeza paundi 22, na mara nyingi nafasi ya kwanza na ya pili hutofautiana kwa chini ya hapo. Wengine huingiza mawe au risasi za kuvulia samaki. Tumbo likiwa wazi, yote hayo yanakwisha. Ubaya wake ni kwamba kazi ya kutumbua inahamia porini usiku, kwa hiyo wape mchoro wa mkato mmoja: kutoka kidari hadi nyonga, kichwa na miguu vibaki.

Kabla ya kupima, jaji afanye ukaguzi wa dakika tatu. Ashike taya ya chini na kuifungua: nguruwe aliyekufa muda mfupi taya bado inalegea, na ukakamavu huanza ndani ya saa chache. Taya ngumu si kosa kwa aliyekamatwa mwanzo wa usiku. Ni kosa kwa aliyedaiwa kukamatwa nusu saa iliyopita. Atazame masikio na mashavu: meno ya mbwa huacha matundu yenye damu iliyovilia chini ya ngozi. Matundu makavu yasiyo na damu yalitobolewa baada ya kifo. Atafute tundu la risasi, hasa nyuma ya sikio na ndani ya mdomo. Apapase kwato na pua: nguruwe aliyekaa kwenye mtego wa waya huwa amechubuka pua kwa kusukuma. Aingize kipimajoto kirefu ndani ya paja. Nyama yenye baridi ya barafu katika usiku wa joto haikutoka porini leo.

Maksai wapewe kundi lao. Nguruwe aliyehasiwa akaachwa hukua mzito kuliko dume wa kawaida, na kuwachanganya ni kumzawadia aliyemhasi miaka miwili iliyopita.

Kama mnashindanisha pia urefu wa meno, pima chonge mbili za chini tu, kwa waya mwembamba unaofuata mkunjo wa nje kutoka ufizi hadi ncha, kisha jumlisha. Sehemu kubwa ya jino imejificha ndani ya taya, kwa hiyo ufizi uliokatwa kwa wembe unarefusha jino kwa hila. Ufizi ukiwa umeguswa, jino halipimwi.

Muda wa kufunga usomwe kwenye saa moja iliyowekwa mezani. Aliye ndani ya geti saa sita mchana kamili anapimwa. Aliye nje ya geti, hata kama foleni ilikuwa ndefu, hapimwi.

Mashindano mengi huwapitisha washindi kwenye mashine ya kupima uongo. Ina faida ya kutisha, lakini mahakama za Texas hazipokei matokeo yake kama ushahidi katika kesi za jinai, na nyinyi msiifanye jaji pekee. Kama mtaitumia, iandikwe kwenye fomu ya kujiandikisha na isainiwe na kila mwanatimu.

Mbwa na afya za watu

Joto linaua mbwa wengi, na linaua kimya. Andaeni shindano majira ya baridi, kuanzia jioni. Mbwa anayeyumba, ufizi mwekundu sana, joto la mwili likipita nyuzi 41, amwagiwe maji mfululizo na apepewe. Acha akifika 39.4, vinginevyo atashuka kupita kiasi.

Jeraha la jino la nguruwe ni dogo nje, kubwa ndani. Nyoa manyoya, osha kwa maji ya chumvi ya kusafishia vidonda yanayouzwa dukani, usilishone likiwa chafu. Tundu la kifuani linalotoa sauti ya hewa lifunikwe na mbwa apelekwe kwa daktari mara moja. Timu isiyo na kisanduku cha dawa isiruhusiwe kuanza.

Wanaotumbua wavae glavu za mpira zinazofika juu ya kiganja. Nguruwe hawa hubeba magonjwa yanayoambukiza watu, bruselosisi na leptospirosisi, huu wa pili ukijulikana Tanzania kama homa ya mgunda. Mbwa wasipewe nyama mbichi wala matumbo: ugonjwa wa Aujeszky, ambao nguruwe mzima anaweza kuubeba bila dalili, humfanya mbwa ajikune hadi kujichuna ngozi na kumuua kwa siku mbili tatu, na hauna tiba. Nyama ya watu iive hadi nyuzi 71 katikati.

Zawadi

Zawadi ya dume mzito peke yake inawafundisha watu kuacha majike na wadogo wapite. Wataalamu wa Texas wamekadiria kwamba inabidi kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe kila mwaka ili tu idadi isiongezeke, na mwenye shamba aliyefungua geti anataka majike watoke. Kwa hiyo gawa mfuko: nusu kwa dume mzito, robo kwa jumla ya uzito wa nguruwe watano, robo kwa jike mzito.

Pingamizi lipokelewe kwa maandishi, pamoja na amana ya fedha, ndani ya saa moja baada ya mizani kufungwa, na amana hiyo irudishwe likithibitika. Mpaka saa hiyo ipite, nguruwe wa washindi wabaki wamening'inia mahali ambapo kila nahodha anaweza kuwakagua, na fedha zibaki kwa mweka hazina asiye na ndugu katika timu yoyote.