Ictus: jinsi ya kuipa kwaya pigo linaloonekana

Kwaya ikichelewa kuingia, walimu wengi huongeza nguvu za mkono. Mara nyingi shida si nguvu. Waimbaji hawaoni pigo linaangukia wapi. Nukta hiyo ya kuangukia ndiyo waongozaji huiita ictus, neno la Kilatini lenye maana ya pigo. Mshairi Horatius wa Roma aliwahimiza wavulana na wasichana wa kwaya yake wafuate ictus ya kidole gumba chake, kwa hiyo kazi hii tumeirithi kutoka mbali. Madaktari nao wanalo neno hili: ictus cordis ni pigo la moyo linalopapaswa kifuani upande wa kushoto, na kwa Kihispania na Kiitaliano ictus ni kiharusi.

Hatua ya 1: Weka usawa. Chukulia kuna meza mbele yako, juu kidogo ya kiuno. Mapigo yote yatue hapo. Kwaya ikiwa kubwa, pandisha hadi kifuani ili wa nyuma waone.

Hatua ya 2: Gusa, uruke. Shusha mkono, gusa meza hiyo, rudi juu papo hapo kama aliyegusa sufuria ya moto. Ictus ni pale mkono unapogeuka. Ukiganda chini, wimbo unakuwa mzito. Ukizungusha mkono bila kona, besi wataingia kwa kubahatisha. Legeza kifundo cha mkono, kisha jitazame kwenye kioo.

Hatua ya 3: Mapigo manne, mkono wa kulia: chini, kushoto, kulia, juu.

Hatua ya 4: Waandae. Wimbo ukianza pigo la kwanza, onyesha la nne kabla yake, kwa mwendo uleule, huku ukivuta pumzi waziwazi. Kwangu hii ndiyo hatua kuu: watavuta pumzi kama yako.

Hatua ya 5: Nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kilatini za Kanisa Katoliki. Dom André Mocquereau, mtawa wa monasteri ya Solesmes, Ufaransa, aliita ictus ile noti inayoanzisha kila kundi la noti mbili au tatu. Vitabu vya zamani vya huko viliitia kijistari cha wima pale ilipohitajika. Usiigonge noti hiyo, maana inaweza kuangukia hata silabi isiyo na mkazo. Someni kwanza maneno matupu kwa mkazo wake wa Kilatini, ndipo muongeze sauti.