Somo: Kuchukua ute wa tilapia aliyejeruhiwa bila kuharibu protini

Naandika mara moja ili nisijibu swali hili tena kila juma. Ute wa samaki si uchafu wa kuoshwa. Una lisozaimu inayovunja kuta za bakteria, una kingamwili, protini za komplementi (zinazosaidia kingamwili kuua vijidudu) na vimeng'enya vinavyokata protini nyingine. Samaki akichubuka, mchanganyiko huo hubadilika. Ukiuchukua ovyo, utakuwa umepima mikono yako, si jeraha.

1. Usimlishe siku moja kabla.

2. Tayarisha barafu na mirija safi, yenye majina tayari.

3. Mvue kwa wavu usio na mafundo, mikono ikiwa imelowa.

4. Mlaze usingizi kwa mafuta ya karafuu. Yachanganye kwanza na spiriti, sehemu 1 kwa 9, la sivyo yataelea tu. Kipimo muulize daktari wa mifugo.

5. Kukwangua. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibikia. Tumia kijiko bapa cha plastiki, toka kichwani kuelekea mkiani, mkono mwepesi, juu ya mstari wa ubavu. Ukirudisha mkono kinyume utang'oa magamba. Tumboni usifike, kwa sababu karibu na tundu la haja kuna kinyesi na mkojo. Kidonda chenyewe usikiguse, na usipite mahali pamoja mara mbili: ute ukiisha, unachokwangua ni ngozi. Ute mzuri ni mweupe kidogo au hauna rangi. Ukiona hata uzi mwembamba wa waridi, hiyo ni damu, tupa. Damu imejaa transferini (protini inayobeba chuma), kingamwili na komplementi, zilezile unazotaka kujua kama zimepanda. Tone moja linatosha kukuonyesha badiliko ambalo halipo.

6. Barafuni papo hapo, pamoja na dawa ya kuzuia vimeng'enya. Vimeng'enya vya ute havingoji ufike maabara ya Chiromo. Zungusha kwenye sentrifuji baridi (mashine inayotenga mashapo kwa kuzungusha kwa kasi), chukua maji ya juu, gandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri.

7. Andika halijoto ya maji na saa ya jeraha.

MASWALI

Otis_Kasarani: Naweza kununua samaki sokoni Gikomba nitumie hao?
— Hapana. Samaki aliyekufa hajibu jeraha.

Otis_Kasarani: Basi nimchane wapi na kwa urefu gani?
— Una kibali cha kamati ya maadili? Kama huna, weka wembe chini. Siku mfugaji anapochambua samaki kwa ukubwa, wengine huchubuka wavuni, na saa unaijua. Anza na hao.

Wambo_Kabete: Samahani mwalimu, kidonda si huvujisha protini za damu kwenye ute chenyewe? Nitatofautishaje na damu niliyoitoa mimi?
— Swali zuri sana, dada. Ni kweli huvujisha. Ndiyo maana unachukua ute mbali na kidonda, na unahitaji kundi la pili: samaki wazima waliovuliwa kwa wavu uleule na kulazwa vilevile. Pima hemoglobini katika makundi yote mawili. Ikipanda kwa samaki wazima pia, tatizo ni mkono. Tazama aktini na keratini vilevile, ambazo ni protini za seli za ngozi. Samaki hafungi kidonda kama sisi kwa kigaga kikavu. Seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni na kukifunika ndani ya saa chache, na mabaki ya kazi hiyo yanaweza kuonekana kwenye ute. Ukichelewa hadi kesho yake, mengi yatakuwa yamepita.

MfugajiLimuru: Mimi sina maabara. Mbona wangu huota pamba nyeupe nikiwahamisha Julai?
— Hiyo ni ukungu, mara nyingi saprolegnia. Hushika pale ute ulipotoka, na maji baridi huchelewesha kinga ya tilapia. Usiwahamishe wakati wa baridi kama unaweza kungoja.

Nyambura_Mabwawa: Niongeze: maji ya mfereji yana klorini, huunguza ute na matamvua. Mimi huyaacha kwenye tangi wazi na pampu ya hewa siku mbili kabla ya kutia samaki.
— Asante. Na chumvi kidogo kwenye maji ya safari husaidia pia.