Uzi gani, patani gani: kufuma nguo na midoli ya watoto

Chagua patani, yaani maelekezo ya kufuma, kwanza, uzi ufuate. Wengi hufanya kinyume. Rangi inawavutia, wananunua vibonge vitatu, kisha wanatafuta patani ya kuvitumia, na sweta linakwama kabla ya mkono wa pili.

Kwenye patani usisome umri, soma kifua. Mtoto wa miezi 6 huwa na kifua cha karibu sm 43, wa mwaka mmoja sm 45.5, wa miaka minne sm 58, lakini watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana sana, kwa hiyo mpime unayemfumia. Patani inayoaminika hutaja vipimo viwili: cha mwili wa mtoto na cha nguo ikiwa tayari. Tofauti kati yake iwe sm 5 hadi 10, ili nguo ivaliwe juu ya nguo nyingine na idumu zaidi ya miezi miwili. Patani inayotaja umri peke yake, iache.

Kinachoharibu masweta mengi ya watoto wachanga ni kichwa. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kina mzunguko wa karibu sm 46, karibu sawa na kifua chake. Shingo inayoonekana nzuri ikiwa mezani haitapita kichwani, na mtoto atalia kila akivishwa mpaka mama yake aliweke sweta kabatini. Chagua patani inayofunguka mbele, yenye vifungo begani, au yenye mabega yanayopandana. Kama shingo haifunguki, ifunge vitanzi vyake vya mwisho (mizunguko ya uzi iliyo kwenye sindano) kwa sindano nene zaidi kwa milimita 1, kisha ivute kwa futi kamba kabla hujaficha ncha ya uzi. Isipofika sm 48, fumua ukingo ule urudie.

Patani zinazoanzia shingoni kushuka chini zinafaa zaidi kuliko zinazoanzia kiunoni. Mtoto hurefuka haraka kuliko anavyonenepa. Sweta la namna hii unafumua ukingo wa chini na wa mikono, unaongeza sm 4 au 5, na unapata msimu mwingine. Weka kibonge kimoja akiba kwa kazi hiyo.

Sasa uzi. Swali la kwanza ni nani atakayeifua nguo hii, na ataifua vipi. Sufu ya kawaida ina magamba madogo sana kwenye kila unywele. Ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa, magamba hayo hushikana na nguo husinyaa, hugeuka ngumu, wala hairudi. Mzazi wa mtoto mchanga hana muda wa kufua nguo moja peke yake kwa maji baridi. Mpe sufu iliyotibiwa, ambayo lebo yake inaruhusu mashine, ukijua kwamba hiyo hutanuka ikilowa, kwa hiyo huanikwa ikiwa imelazwa. Pamba haiwashi na ni laini, ila ni nzito, huchelewa kukauka na haina mnyumbuko: kingo za kiunoni na mikononi hulegea zikabaki hivyo. Akriliki ni nafuu na hustahimili kufuliwa, lakini pasi ya moto huiyeyusha na kuilegeza moja kwa moja. Usiipige pasi kamwe. Mohea (ya mbuzi) na angora (ya sungura) huacha manyoya yanayoingia puani na mdomoni, hivyo si za mtoto mchanga hata kidogo. Kabla ya kununua, sugua uzi shingoni mwako kwa dakika moja. Vidole vimezoea ukwaruzi na havitakuambia ukweli.

Kwa unene, lebo nyingi zina alama ya kibonge chenye namba, 0 ikiwa nyembamba kabisa na 7 nene kabisa. Namba 3 ndiyo inayofaa kazi nyingi za watoto: sindano za mm 3.75 hadi 4.5, vitanzi 21 hadi 24 katika sm 10.

Fuma kipande cha majaribio, hata kama mikono inawasha kuanza sweta lenyewe. Anzisha vitanzi 32, fuma sm 15, kifue vile nguo itakavyofuliwa, kilaze kikauke, ndipo uhesabu sm 10 za katikati. Tuseme patani inataka vitanzi 22 katika sm 10 na mwili una vitanzi 124, yaani sm 56. Ukipata 20, sweta hilo hilo litakuwa sm 62. Ukipata 24, litakuwa chini ya sm 52. Vitanzi vikizidi, panda sindano nene zaidi, vikipungua, shuka nyembamba zaidi.

Ukibadilisha uzi wa patani, linganisha mita, usilinganishe gramu. Patani inayotaka vibonge 5 vya mita 120 inataka mita 600. Kama uzi wako wa pamba una mita 85 kwa kibonge, unahitaji vibonge 8. Vinunue pamoja, na hakikisha vyote vina namba moja ya kundi la rangi, yaani vilitiwa rangi pamoja, si jina la rangi tu. Makundi yakitofautiana, fuma mistari miwili kwa kibonge hiki na miwili kwa kile. Vinginevyo mpaka utaonekana katikati ya kifua.

Mdoli hufumwa kwa sheria nyingine. Kitambaa chake lazima kibane, kwa hiyo uzi wa namba 3 ufume kwa sindano ya mm 3. Ukikivuta kwa vidole na kuona mwanga, ujazo utatoka. Jaza nyuzi za polista kwa mafungu madogo, ukianzia ncha za miguu. Masalia ya uzi hufanya mabonge na huchelewa kukauka. Macho tarizi kwa uzi. Macho ya plastiki yenye kibano hushika vizuri nyuma, lakini tundu la kitambaa kilichofumwa hutanuka na jicho hutoka zima. Vipimo vya usalama wa midoli hutumia silinda yenye kipenyo cha mm 31.7: kinachoingia humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kifungo na shanga vyote vinaingia.

Tahadhari hiyo ihamie kwenye nguo. Epuka kamba shingoni na kwenye kofia. Kwa soksi za mtoto mchanga chagua rangi moja: nyuzi zinazopita upande wa ndani, nyuma ya maua ya rangi, hunasa vidole vya miguu, na uzi ukijizungusha kwenye kidole hukata mzunguko wa damu. Ncha zote ziachwe sm 15, zifumiwe ndani kwenda na kurudi, kisha geuza soksi na upitishe kidole chako mpaka mwisho kabla ya kumvisha.