Somo: Namna ya kuomba ruzuku ya kampuni kwa kazi ya kijamii inayotumia teknolojia

Somo hili linawahusu viongozi na waandaaji wa maandiko ya miradi katika asasi zisizotengeneza faida, wanaotaka kampuni, hasa za teknolojia, zifadhili kazi yao. Maandiko mengi huanguka katika sehemu mbili: yanaeleza chombo vizuri kuliko tatizo, na yanakaa kimya kuhusu nani atakayelipia mfumo ruzuku itakapokwisha. Kwa sababu hiyo, nitakaa zaidi katika hatua ya pili na ya nne.

Hatua ya kwanza: Jua unachoomba

Kampuni hutoa fedha, bidhaa na huduma zake, au muda wa wafanyakazi wake. Salesforce, kampuni ya Marekani ya programu za biashara iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijulikana kwa utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya hisa, asilimia 1 ya bidhaa na asilimia 1 ya muda wa wafanyakazi kwa ajili ya jamii, na tangu mwaka 2014 kampuni nyingine zimeufuata kupitia harakati ya Pledge 1%. Google Ad Grants, mpango wa Google kwa asasi zisizotengeneza faida, hutoa nafasi ya matangazo kwenye utafutaji yenye thamani ya hadi dola 10,000 za Marekani kwa mwezi, lakini hakuna hata dola moja inayoingia katika akaunti ya asasi, na matangazo yasiposimamiwa vizuri msaada huo husitishwa. Google.org, kitengo cha Google cha kufadhili kazi za kijamii, pia huwaachia wafanyakazi wa Google wafanye kazi na asasi kwa muda wote wa kazi kwa hadi miezi sita. Kila aina ina manufaa yake, ila leseni za bure za programu hazilipi mshahara wa mtu wa kuzitumia. Iandike aina ya msaada unaoutaka kabla hujafungua fomu.

Hatua ya pili: Eleza tatizo mpaka lieleweke bila teknolojia

Chukua aya ya kwanza ya andiko lako, ufute maneno yote kama programu, jukwaa na akili unde (AI), kisha umpe mtu asiyeijua kazi yako aisome. Ikiwa bado anaelewa ni nani anayeumia, anaumia kwa sababu gani, na ni uamuzi gani unaokosewa kwa kukosa taarifa, basi una msingi. Ikiwa aya imebaki tupu, bado hujafika wakati wa kuomba.

Mfano mzuri ni AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliopata dola milioni 1.3 za Marekani kutoka Google.org mwaka 2019. Hoja yake inafuatika hatua kwa hatua: vituo vya kawaida vya kupimia ubora wa hewa ni ghali, kwa hiyo miji mingi ina vichache mno au haina kabisa; bila vipimo, wakuu wa mji hawawezi kujua ni mitaa ipi iliyochafuka zaidi wala kama hatua walizochukua zimesaidia; vihisi (vifaa vidogo vya kupimia) vya bei nafuu, vikiwamo vilivyofungwa kwenye pikipiki za abiria, vinaweza kuziba pengo hilo; na kwa kuwa vihisi hivyo haviwezi kuwekwa kila mahali, hesabu za kompyuta zinatumika kukadiria hali ya sehemu zisizopimwa na ya siku zijazo. Akili unde, yaani hesabu hizo za kompyuta, imeingia mwishoni mwa hoja hiyo, mahali ambapo kazi yake inaonekana wazi. Ninawasihi mwige mpangilio huo.

Hatua ya tatu: Linda taarifa za watu unaowahudumia

Eleza ni taarifa zipi utakazokusanya, nani ataziona, zitahifadhiwa kwa muda gani na zitafutwaje. Msijibu kipengele hiki kwa sentensi moja. Mwaka 2022, Crisis Text Line, asasi ya Marekani inayowasaidia kwa ujumbe mfupi watu walio katika dhiki ya akili, ililazimika kuacha kuipa kampuni ya biashara iliyohusiana nayo data za mazungumzo hayo, ingawa majina yalikuwa yameondolewa, baada ya jambo hilo kulaumiwa hadharani. Kuondoa majina peke yake hakutoshi pale ambapo mtu alipoandika hakutarajia maneno yake yatumike kwa biashara.

Hatua ya nne: Andika bajeti ya mwaka unaofuata ruzuku

Kuunda mfumo ni sehemu ndogo ya gharama zake. Baadaye huja malipo ya seva na ujumbe mfupi, marekebisho ya usalama, vifaa vinavyoharibika, mafunzo kwa wafanyakazi wapya, na mtu wa kujibu mtumiaji anapokwama. Tengeneza safu ya pekee katika bajeti inayoonyesha gharama hizo kwa mwaka wa kwanza baada ya ufadhili, na mbele ya kila moja uandike chanzo chake cha fedha. Tahadhari hasa na matumizi ya bure ya huduma za wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia mtandao: huisha kwa tarehe iliyopangwa, na kuanzia hapo ankara huja kwa bei ya kawaida. Ikadirie bei hiyo leo, ukizingatia wingi wa watumiaji unaoutarajia kesho. Msione haya kuomba fedha za uendeshaji na mishahara, kwa maana mfumo usio na mtu wa kuutunza hautawafaa walengwa.

Hatua ya tano: Nyaraka na mkataba

Andaa mapema cheti cha usajili, katiba, orodha ya wajumbe wa bodi na hesabu zilizokaguliwa. Katika mkataba, soma kwa makini vifungu vya umiliki wa programu na data, masharti ya kuweka kazi katika chanzo huria (msimbo wa programu ulio wazi kwa yeyote kuutumia), na haki ya kampuni kutumia jina na picha za wanufaika wenu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, asasi yetu haina mhandisi hata mmoja. Je, tunaweza kuomba?

Mnaweza, mkiwa na mshirika kama chuo kikuu au asasi yenye wataalamu, na makubaliano yaliyoandikwa. Hata hivyo, mteueni mtu wenu wa ndani atakayefuatilia kazi, na hakikisheni nywila za akaunti na nakala ya programu viko mikononi mwa asasi tangu siku ya kwanza.

Tumekataliwa bila kupewa sababu. Je, andiko letu ni baya?

Si lazima, ndugu. Katika shindano la akili unde la Google.org lililotangazwa mwaka 2018, maombi zaidi ya 2,600 yalitoka nchi 119, na waliochaguliwa kugawana dola milioni 25 walikuwa 20 tu. Ombeni maoni kwa heshima, kisha fanyeni jaribio dogo kwa uwezo wenu, mpate matokeo ya kuonyesha katika awamu nyingine.

Tukitumia huduma za kampuni inayotufadhili, hatutafungwa kwake?

Hatari hiyo ipo. Kabla ya kusaini, jaribuni kutoa data zenu zote katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine, na mhesabu gharama ya kuhama. Kama haiwezekani, ombeni fedha badala ya huduma.

Idadi ya watu waliopakua programu inatosha kuwa kiashiria cha mafanikio?

Haitoshi. Mtu anaweza kupakua leo na kufuta kesho. Pimeni kilichobadilika kwa mlengwa, kwa mfano muda ambao mgonjwa anasubiri kupewa rufaa, na mpime kabla ya mradi kuanza, kwa kuwa bila kipimo cha awali hamtakuwa na cha kulinganisha mfadhili atakapotaka ripoti.