Panga mwili kwanza, pumzi itafuata: namna ya kusimama kabla ya taichi

Ukitaka kumjua mgeni wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, mtazame akiwa amesimama tu, kabla hajaanza. Kifua kimetunishwa, magoti yamekazwa, na pumzi anaivuta kwa nguvu mpaka mabega yanapanda. Karibu kila anayeniuliza habari za mchezo huu huanzia kwenye pumzi: avute kwa kuhesabu mpaka ngapi, aibane muda gani? Asibane chochote. Apange mwili kwanza.

Mimi nilifundishwa na wazee wa bustanini Guangzhou, enzi nakaa huko kwa shughuli za mizigo. Bibi aliyekuwa akisimama mstari wa mbele hakuwa na maneno mengi, na Kichina changu kilikuwa cha kuulizia bei tu. Alinijia kwa nyuma, akaweka viganja juu ya mabega yangu, akaviacha hapo bila kusukuma mpaka yakashuka yenyewe. Halafu akanigusa kwa kidole nyuma ya goti, nalo likaachia. Pumzi ikateremka tumboni bila kuagizwa.

Basi anza na miguu. Itanue upana wa mabega, vidole vikitazama mbele, maana wengi wetu tumezoea kuvitupa nje. Yumba kidogo mbele, kisha nyuma, mpaka usikie uzito umetua katikati ya unyayo. Jipime: ukiweza kuinua vidole vyote vya miguu bila kuyumba, na visigino vivyo hivyo kidogo tu, umepapata mahali penyewe.

Magoti yalegeze, usiyakunje sana. Hapa hakuna haja ya kuchuchumaa, na goti lisipite ncha ya vidole. Mapaja yakitetemeka, ni kawaida. Goti likiuma, nyanyuka kidogo, wala usione haya.

Kiunoni ndiko kwenye kazi. Weka mgongo wa mkono wako pale kiuno kinapoingia ndani, kisha achia nyonga kana kwamba unataka kukaa kwenye stuli ndefu. Utasikia lile bonde linapungua. Usilisukume kwa kubana makalio. Ukibana makalio, tumbo nalo linakaza, na pumzi inakosa pa kwenda.

Kichwa sitakieleza sana. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji bila kuishika anaijua shingo hiyo: utosi juu, kidevu kimeingia kidogo, macho mbele. Mabega yaangushe, viwiko vielekee chini, na kwapa ziachie nafasi. Kifua usikitunishe wala usikibonyeze mpaka ukapinda mgongo.

Sasa pumzi. Funga mdomo, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu, upumue kwa pua, kuvuta na kutoa. Weka kiganja chini ya kitovu. Kitainuka na kushuka chenyewe, kwa sababu msuli ulio chini ya mapafu hushuka unapovuta hewa na kulisukuma tumbo mbele. Ukiwa umelibana, hauna nafasi. Kisipotikisika, usilisukume tumbo. Rudi kiunoni na mabegani ukatafute palipokaza. Kutoa pumzi kurefuke kidogo kuliko kuvuta, maana mapigo ya moyo hupungua tunapotoa hewa. Dakika mbili zinatosha kwa anayeanza. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini.

Na hili silitoi kichwani mwangu. Yang Chengfu, mwalimu wa taichi wa ukoo wa Yang aliyefariki mwaka 1936, aliacha mambo kumi ya kuzingatia katika taichi. La kwanza ni kichwa, la pili kifua na mgongo, la tatu kiuno. Pumzi haikupewa namba yake. Inaguswa kwenye la kumi, kwamba ukienda polepole inakuwa ndefu na ya kina.

Ukishatulia, ingia kwenye mwanzo wenyewe. Katika mtindo wa hatua 24, uliotungwa China mwaka 1956 kutoka kwenye taichi ya ukoo wa Yang, unaanza miguu ikiwa pamoja, kwa hiyo ikutanishe kwanza. Peleka uzito wote kulia, nyanyua kisigino cha kushoto kwanza, kisha vidole, usogee upande. Tua kwa vidole, halafu unyayo mzima, ndipo ugawe uzito. Usiudondoshe mguu. Ukisikia kishindo, ujue uzito ulihama kabla ya wakati.

Inua mikono mbele mpaka usawa wa mabega, viganja chini, huku ukivuta pumzi. Watu wengi hapa hupandisha mabega pamoja na mikono, na kazi yote ya mwanzo inaharibika. Kisha kunja magoti kidogo, mikono ishuke mpaka usawa wa nyonga huku ukitoa pumzi. Magoti na mikono vishuke pamoja na kusimama pamoja.

Irudie hiyo peke yake kwa siku kadhaa kabla ya kwenda hatua ya pili. Pumzi ikikuisha kabla mikono haijafika, vuta nyingine katikati uendelee. Usiharakishe mikono ili kuiwahi.