Somo: Magma (mwamba ulioyeyuka) ya matao ya visiwa, yaani safu za visiwa vya volkeno: fuata maji

Kwa volkeno za Mariana, Tonga au Visiwa vya Aleuti, kinachoanzisha kazi ni maji. Moto unafuata.

Hatua ya 1. Bamba la bahari (kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la Dunia) linazama chini ya bamba jingine likiwa limelowa: maji yamefungwa ndani ya madini kama serpentini, kloriti na amfiboli, na katika mashapo yaliyo juu yake. Kadiri joto na shinikizo vinavyopanda, madini hayo huvunjika moja baada ya jingine na kuachia maji. Volkeno husimama pale bamba lilipofika kina cha kilomita 100 hivi kwa wastani.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi hukosea. Kinachoyeyuka zaidi ni koti la Dunia (tabaka lililo chini ya ganda) lililo juu ya bamba, si bamba lenyewe. Katika kina hicho, peridotiti (mwamba wa koti) iliyo kavu huhitaji zaidi ya 1,400 °C ili ianze kuyeyuka. Maji huzishusha nyuzi hizo kwa mamia. Maji hayo hupanda na elementi kama bari, strontiamu na risasi, lakini niobi na tantali hubaki nyuma, ndiyo sababu grafu ya elementi za lava hizi huporomoka kwenye niobi. Lava za baadhi ya matao zina hata beriliamu-10, isotopu inayoundwa angani na yenye nusu-uhai wa karibu miaka milioni 1.4. Mashapo ya sakafu ya bahari yalishuka, yakarudi juu kabla beriliamu hiyo haijaisha. Ushahidi mzuri kupita wote, kwa maoni yangu.

Hatua ya 3. Basalti (magma yenye silika kidogo) ikipoa ndani ya ganda, madini ya olivini hutangulia kuganda na kuondoka na magnesiamu. Piroksini hufuata. Maji huchelewesha plagioklasi, na magnetiti (madini ya chuma) ikitoka mapema chuma hupungua, silika inapanda: kutoka basalti yenye chini ya 52% hadi andesiti (57–63%), kisha dasiti yenye silika zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, sampuli yangu ina MgO (oksidi ya magnesiamu) 5%. Naweza kukadiria joto la koti kwa hiyo?

Hapana, ndugu. Hiyo imeshapoteza olivini nyingi. Tafuta yenye MgO ya 10% hivi au zaidi, kisha hakikisha haijabeba fuwele za olivini zilizojikusanya, maana hizo hupandisha MgO kwa udanganyifu.

Lava niliyopima ina maji chini ya 1%. Mbona vitabu vinasema karibu 4%?

Maji yalitoroka shinikizo liliposhuka. Pima matone ya kioo yaliyonaswa ndani ya olivini. Chagua punje kutoka kwenye majivu yaliyopoa haraka. Katika lava nene iliyopoa polepole, hidrojeni huvuja kupitia fuwele yenyewe.

Andesiti yote hutokana na kuganda tu?

La. Magma huchanganyika pia. Andesiti ya Soufrière Hills, Montserrat, iliyoanza kulipuka 1995, ina vipande vya magma ya kibasalti vilivyoingia kutoka chini na kuipasha joto upya. Angalia kingo za fuwele: zikiwa zimelika kisha zikakua tena, usitumie kanuni ya kuganda peke yake.