Mandala ya mchanga barazani: watu wanne, ubao mmoja

Kazi inayonilisha hapa Mtwara ni hina na piko. Mandala ya mchanga, yaani mchoro wa duara unaojazwa mchanga wa rangi na kufagiwa ukiisha, ni ya Jumapili, tunapokaa na majirani, na haina malipo. Naandika hatua zake kwa sababu wanaouliza wamekuwa wengi, na kabla hawajauliza rangi inapatikana wapi huuliza kwanza: hii si ibada ya watu?

Ni ibada ya watu, ndiyo, huko ilikotoka. Watawa wa Kibudha wa Tibet huijenga kwa siku nyingi, wakianza kwa dua na kumaliza kwa dua, na kila umbo ndani yake lina maana. Mandala yao ya Kalachakra peke yake ina miungu 722. Mwaka 1988 watawa wa monasteri ya Namgyal waliijenga mbele ya watazamaji katika jumba la makumbusho ya historia ya asili jijini New York, na tangu hapo habari yake ikaenea. Kwa hiyo michoro yao mimi siinakili, na wewe usiitoe kwenye simu ukaiweka ubaoni kama pambo. Tunachukua ufundi tu: duara, mchanga wa rangi, mikono mingi, na kufagia mwishoni. Nakshi tunazo zetu, za milango ya zamani ya Mikindani, za kanga, za mikeka, na majani na maua ya mkorosho. Jirani mwenye shaka baada ya maelezo hayo mwache, usimbembeleze.

Hatua ya kwanza: watu

Anza na watu, mchanga baadaye. Ubao wenye duara la sentimita 60 unatosha watu wanne, mmoja kila upande. Wakiwa watano viwiko vinagongana.

Mimi huchanganya: wawili wanaofahamiana na wawili wasiofahamiana vizuri, kwa mfano mpangaji mpya na bibi wa nyumba ya pili. Mkwe na mama mkwe wakae pande zinazopakana, wasitazamane. Aliyekaa ubavuni mwako unaweza kuongea naye macho yakiwa ubaoni, na yapo maneno ambayo kwetu hayasemeki mkitazamana usoni. Ila usiwaite watu waliogombana jana ukitegemea mchanga uwapatanishe. Hiyo ni kazi ya wazee.

Wakubwa wachague nafasi kwanza. Asiyeweza kukaa chini mpe kigoda na uinue ubao kwa matofali, lakini uinue kwa wote, wengine nao wakae juu, ili asijione mgonjwa.

Hatua ya pili: mchanga na rangi

Hapa ndipo penye kazi, na ifanyike siku mbili tatu kabla.

Mchanga mweupe wa Msimbati kila mtu anautamani. Uache ulipo: ufukwe ule uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mchanga wa ujenzi uliobaki kwa jirani anayejenga unatosha. Upitishe kwanza kwenye kipande cha chandarua kilichochakaa ili kokoto zibaki, kisha kwenye chujio la chai. Unaopita kwenye chujio ndio wetu. Uoshe kwenye ndoo, ukimwaga maji machafu mpaka yatoke safi. Usiruke kuosha. Maji hayo yanaondoka na vumbi jembamba ambalo hutaki lipeperuke mbele ya pua za watu wanne kwa saa tatu. Vumbi la mchanga lina silika, madini ya mawe ambayo hayafai mapafuni. Ukichekecha mchanga mkavu, funga barakoa. Wa pwani nao uoshwe kwa maji baridi ya bomba au kisima, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa na mchanga unashikamana ndani ya koni ya kumiminia.

Chumvi yenyewe wengine huitumia badala ya mchanga, nimeona. Kwa hewa yetu ya pwani, kufika jioni imeshaganda. Unga wa mchele wanaotumia Wahindi kwa rangoli, michoro yao ya sakafuni, ni mzuri kwa mkono, ila kama una kuku uani umewapikia.

Kiasi gani? Duara la sentimita 60 likifunikwa kwa unene wa milimita moja na nusu hivi linakula kama gramu 700. Tayarisha kilo mbili kwa rangi zote, zitabaki, na kubaki ni afadhali kuliko kupungukiwa na bluu katikati ya kazi.

Rangi rahisi kupata ni ile ya unga wanayochovyea ukili wasuka mikeka. Kwa nusu kilo ya mchanga mkavu, nusu kijiko cha chai cha rangi, ikorogwe kwenye vijiko vitatu vya maji ya moto, imwagiwe mchanga kwenye beseni na kusuguliwa mpaka ienee. Vaa glavu, au utakaa na vidole vya kijani wiki nzima na kila mteja wa hina atauliza. Tandaza kwenye ungo wa zamani kivulini, ugeuzegeuze. Ikikauka, sugua chembe kidogo kwenye kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, suuza mara moja na ukaushe tena.

Rangi zisizonunuliwa zipo pia. Udongo mwekundu wa Newala au Tandahimba, ukikauka na kuchekechwa, una wekundu ambao sijaupata dukani. Mwagize anayeshuka kutoka huko juu uwandani akuletee mfuko mdogo. Nyeusi ni mkaa uliosagwa na kuchanganywa na mchanga, maana mkaa mtupu unaruka hata ukipiga chafya. Manjano ya kupikia inakubali vizuri ila inafifia juani. Chokaa usitumie kabisa. Inachoma ngozi, ikiingia jichoni ni hospitali.

Hatua ya tatu: koni

Watawa hutumia bomba jembamba la chuma liitwalo chak-pur, lenye matuta ubavuni. Wanalikwaruza kwa kifaa kingine, linatetemeka, na mchanga unachuruzika punje kwa punje. Fundi bati anayetengeneza koroboi anaweza kukukunjia la kufanana: mwambie tu koni ya urefu wa shibiri moja, tundu la ncha lipitishe njiti ya kiberiti, na ubavuni akate meno madogo. Kukwaruza, tumia msumari wa inchi nne.

Bila fundi, kunja karatasi ngumu kama tunavyokunja koni za hina, bandika kwa gundi ya karatasi, kata ncha. Badala ya kukwaruza, gonga kwa kidole. Mistari haitakuwa myembamba kama ya bati, lakini inatosha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililobadilisha vikao vyetu: tengeneza koni moja tu kwa kila rangi. Usimpe kila mtu seti yake. Mwenye seti yake huinama, hujaza kipande chake, humaliza na kuondoka bila kujua jina la aliyekaa mkabala. Koni nyekundu ikiwa moja, lazima uiombe, na anayeitumia lazima aseme ngoja nimalize jani hili. Mazungumzo huanzia hapo, na hayahitaji mtu wa kuyaanzisha.

Hatua ya nne: ubao na mistari

Tafuta plaiwudi ya mraba, sentimita 75 kwa 75, uipake rangi nyeusi isiyong'aa. Weusi unaonyesha kila punje.

Piga mistari miwili ya chaki kutoka kona hadi kona. Inapokutana ndipo katikati. Piga mingine miwili kutoka katikati ya upande mmoja hadi upande wa pili. Una vipande vinane sawa, viwili kwa kila mtu, bila kupima pembe yoyote. Kisha mmoja ashike uzi kwa kidole hapo katikati, mwingine avute uzi wenye chaki na kuchora maduara matatu: sentimita 10, 20 na 30 kutoka katikati. Sisi tunayaita kiini, mji na pindo, kwa kufuata kanga, na hakuna anayepotea ukimwambia ajaze pindo.

Angalia kipimo cha rangi hapa. Pindo linaonekana jembamba, lakini ndilo refu: peke yake linakula zaidi ya nusu ya mchanga wote. Rangi uliyonayo nyingi ndiyo ya pindo.

Mkiwa watatu, gawa kwa sita. Ukishachora duara kubwa, usibadilishe urefu wa uzi. Weka kidole popote kwenye ukingo, tia alama uzi unapokata ukingo, hamia kwenye alama, endelea. Hatua ya sita inakurudisha ulipoanzia. Ukichora tao kutoka kila alama, matao yote yanapita katikati na kukupa ua la majani sita.

Kuna watu hupenda kuacha ubao mtupu ili kila mmoja awe huru. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, waliwapa wanafunzi wa chuo michoro ya kupaka rangi baada ya kuwatia wasiwasi makusudi. Waliopewa mandala, na waliopewa mistari ya mirabamiraba, walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu. Uwanja mtupu unamdai mtu aamue. Anayekuja kupumzika ameshaamua mengi wiki nzima: ada, gunia la korosho, mgonjwa aliyeko hospitali ya Ligula. Mchoree mistari.

Ukitaka kuwapasha mikono moto kwanza, waambie watie nukta kwa ncha ya kidole kwenye mchanga wenye unyevunyevu, safu tatu za nukta nne, kisha wazungushe mstari mmoja kati ya nukta bila kunyanyua kidole. Wachokwe wa Angola huchora hivyo wakisimulia hadithi, michoro yao huitwa sona, na Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliandika sana juu ya hesabu iliyomo. Watoto hawatataka kuacha.

Hatua ya tano: kujaza

Fanyeni asubuhi, kabla upepo wa bahari haujashika. Miezi ya kusi, ingieni ndani, mfunge mlango na mzime feni. Paka atolewe.

Mnaanza kiini, mnaelekea nje, ili mikono isipite juu ya kilichokamilika. Laza ubao mwembamba juu ya matofali mawili, upite juu ya kazi, uegemeze kiganja hapo. Mkono unaoning'inia huchoka haraka na bega hupanda. Bega likipanda hakuna kupumzika tena. Toa pumzi wakati mchanga unatoka, vuta pumzi ukisogeza koni. Usihesabu, usilazimishe, baada ya jani moja au mawili mwili unafuata wenyewe.

Duru ya kwanza hakuna kuongea isipokuwa kuomba koni. Dakika 20 zikiisha, kila mtu ahamie nafasi ya kulia kwake na kuendeleza alipoachia mwenzake. Hapo watu hupata tabu. Umekuta jani la mwenzako limepinda, vidole vinawasha. Sheria yetu: unaendeleza, hurekebishi. Ukiona pembe yake imelegea, fanya na yako ilegee kidogo, iwe mtindo. Mgeni huona sheria hii ni ndogo mpaka afike kwenye jani ambalo yeye ndiye alilianza na kulikuta limemalizwa na mwingine, vizuri kuliko alivyowaza, au vibaya.

Mchanga ukimwagika pasipo pake, usipulize. Kunja kadi ngumu iwe kama kijiko, uchote, zilizobaki uziondoe kwa brashi ya piko iliyo kavu.

Kuanzia duru ya pili maneno yanaruhusiwa. Mwenyeji usiulize maswali makubwa. Mtu akisema jambo zito, usiinue uso haraka. Mpe koni anayoihitaji, aseme akiendelea. Na linalosemwa ubaoni halitoki nje, liseme hilo mwanzoni kwa sauti. Kazi yote huchukua saa mbili hadi tatu pamoja na chai, na chai inywewe mbali na ubao.

Hatua ya sita: kufagia

Picha ni moja tu, na ipigwe na mtu mmoja. Kila mtu akitoa simu, kikao kimeisha.

Kisha kila mmoja aweke kidole kwenye pindo upande wake na kuvuta mstari hadi kiini, wote kwa pamoja. Fagieni kwa brashi kutoka nje kwenda ndani mpaka ibaki chungu moja. Mdogo kuliko wote ndiye aanze. Akiachiwa mkubwa, wengine huogopa kufuata. Asiyetaka kufagia asilazimishwe, ashike chombo cha kukingia.

Watawa humimina mchanga wao kwenye maji yanayotiririka, na wengine hugawiwa kidogo waende nao. Sisi kugawa tunagawa, kijiko kimoja kimoja kwenye karatasi. Kumwaga baharini, hapana, ukiwa umetumia rangi ya dukani. Mchanganyiko huwa wa kijivu chenye wekundu kwa mbali. Utie kwenye ndoo yenye mfuniko, wiki ijayo ndio wa kujazia mandharinyuma, na watoto ndio wa kujifunzia. Uliotengenezwa kwa udongo na mkaa peke yake umwage chini ya mnazi.

Ubao ufutwe kwa kitambaa kikavu. Cha maji kinaacha madoa ya rangi, na itabidi uupake upya.